Aliyeomba Mawe Yaje

Siku hizi kila mtu kijijini Kiptere anadai alimjua Chepkemboi tangu akiwa mdogo. Uongo mtupu. Jina lake likitajwa redioni, mwanafizikia wa mawingu, sijui nini na nini, wanapigania kusema walikaa naye dawati moja. Walikuwa wapi wakati ule? Mtoto alikuwa akiokota mawe ya mvua, anayapasua kwa kisu cha jikoni, anaita watu waje waone pete zilizo ndani. Mpaka mtu ajivute afike, mkononi yamebaki maji. Wakamcheka, naye akaacha kuita.

Mwaka wa tisini na sita alirudi nyumbani kutoka chuo kikuu Nairobi na shida moja tu: mawe. Alitaka kujua kiini cha kila jiwe ni nini, vumbi au kipande cha jani. Profesa wake alikuwa amempa mpaka mwisho wa Agosti. Asipopeleka mawe mia, nafasi ya kusomea ng'ambo ingeenda kwa mwingine. Ogari, Mkisii mwenye duka la soda, alimwachia kona moja ya friza yake bila kuuliza mengi. Kona ikakaa tupu wiki tatu. Anga ilikuwa safi, chai imechipua vizuri, na mama yake, Rodah, alikuwa akiimba shambani. Chepkemboi alisikia wimbo huo akatamani kulia. Angemwambia nani kwamba anataka mvua ya mawe, mahali ambapo kila mtu anaishi kwa hayo majani?

Jumapili ya mwisho ya Agosti, mchungaji alimwona msomi amejikalia nyuma, akamwita aongoze maombi ya kuzuia mawe. Alisimama. Mdomo ulisema Mungu azuie. Moyo ulisema alete, hata kidogo tu. Kanisa zima likaitikia amina, mama yake kwa sauti kuliko wote.

Jumatano saa tisa mchana yakaja. Dakika kumi tu, bati likipigwa mpaka watu hawasikizani, na yalipokwisha shamba la Rodah lilikuwa vijiti vitupu. Chepkemboi alikuwa ameshatoka nje, amepiga magoti kwenye weupe ule, anaokota kwa mikono miwili na kucheka. Hata hakujua anacheka. Alipoinua kichwa alimwona mama yake mlangoni akimtazama.

"Jumapili uliomba nini?" Rodah akauliza.

Angeweza kudanganya.

"Niliomba yaje, mama."

Rodah akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa, akaiweka chini mbele ya binti yake bila kumwangalia.

"Okota basi, yasiyeyuke."

Akashika njia ya shambani peke yake, akaanza kuikagua chai yake mche kwa mche. Chepkemboi akaokota. Alihesabu mpaka mia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba yametimia.