Maji ya Betri ya Mashua

Eti mwizi wa umeme. Nimesikia mengi katika maisha yangu, lakini hilo lilinichoma.

Bwana Hobday, mwenye shamba la kahawa pale Duluti, alikuwa na mashua ya tanga ziwani, na ndani yake taa ya betri. Mume wangu Ephraimu ndiye aliyeitunza. Betri ilichajiwa mjini, lakini ikirudi haimalizi wiki, taa imefifia. Basi Bwana akaamua kwamba Ephraimu huichukua usiku kuendeshea redio. Redio gani jamani, sisi hata tochi hatukuwa nayo. Akamwambia mbele ya vibarua wote ahame nyumba ya shamba kufikia Jumamosi.

Sikukaa kimya. Nilimfuata Harshad, fundi aliyekuwa akiichaji ile betri, nikamng'ang'ania gerejini kwake mpaka akaja.

Alipanda mashuani, Bwana amesimama ukingoni na kiko chake. Akafuata nyaya moja moja: nzima. Swichi nayo nzima. Akafungua vifuniko vya betri, akachungulia.

"Nani anaongeza maji humu?"

"Mimi," Ephraimu akasema. "Bwana aliniambia niweke maji safi. Naitekea ya chemchemi, yale yale wanayokunywa wanangu."

Harshad akacheka, akafunua meno yake, ya kahawia kama ya wengi waliozaliwa Arusha. "Maji ya Meru yana madini, Baba Anande. Mimi yamenifanya hivi, betri yataiacha? Hii inataka maji ya mvua. Hakuna aliyeiba kitu."

Bwana akakohoa. "Basi, Ephraimu. Endelea na kazi."

Hivyo tu. Ephraimu alikuwa mpole, lakini alijibu, "Siwezi kulala hapa na jina la mwizi," akaenda kufunga mizigo. Nilimwelewa. Niliogopa pia, maana hatukuwa na pa kwenda.

Uani kwetu kulikuwa na mmea wa masale. Kwetu Uchagani aliyekosa humpelekea mwenzake jani lake kuomba msamaha. Nikachuma moja, nikarudi ziwani, nikamwekea Bwana mkononi, nikingoja aniulize ni la nini.

Kumbe alijua. Uso ukamwiva. Akatembea mpaka mlangoni kwetu, vibarua wakimtazama, akavua kofia, akamnyooshea Ephraimu lile jani kwa mikono miwili.

Ephraimu alimwacha asimame nalo. Moyoni nilikuwa nikisema chukua, mume wangu, chukua.

Akalichukua.