Wimbo wa Mama Mwenye Mlango

Leonardi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Rusimbi, na kwaya ya kanisa ilikuwa mikononi mwake tangu mwaka wa Uhuru. Alikuwa mtunzi asiyetupa kitu. Sauti aliyoitunga kwa ajili ya Pasaka ungeikuta miaka miwili baadaye kwenye gwaride la watoto siku ya Saba Saba, imevalishwa maneno mengine. Wanakwaya wakimtania, aliwajibu, "Sauti nzuri ni kama kitenge. Ukichoka kukivaa, unabebea mtoto." Nota zake aliziandika kwa penseli kwenye madaftari ya shule, na madaftari yalikuwa yamefika kumi na manne watu wa sinema walipokuja Kigoma.

Walishuka kwenye treni mwezi wa sita mwaka 1974, watu wanne na masanduku ya bati. Walikuwa wametumwa kutengeneza filamu ya wananchi wanaohamia vijiji vya Ujamaa. Kwa majuma matatu walizunguka na gari lao ziwani na milimani, kisha mkubwa wao, aliyeitwa Ismaili, akaja shuleni kumtafuta Leonardi. Ismaili alizaliwa Ujiji akakulia Dar es Salaam. Alizungumza haraka, na shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio kama ya mwalimu wa michezo.

"Ndugu Mwalimu, picha tumeshapiga," alisema. "Sasa tunataka muziki, na nimeambiwa hapa hakuna mwingine ila wewe. Shida ni kwamba siwezi kukuonyesha picha zenyewe. Hazisafishwi mpaka zifike Dar. Nitakusimulia tu."

"Nisimulie."

"Kuna mama mmoja. Anatoka kwake, anakwenda kijiji kipya. Kichwani amebeba mlango, mlango wa mbao mzimamzima. Anakuja katikati ya michikichi, anatukaribia, anatupita. Basi. Dakika moja na sekunde arobaini. Huo ndio moyo wa filamu yangu."

Leonardi alikaa na huyo mama kichwani siku tatu. Alijiuliza ni mtu gani anayebeba mlango. Mtu anaweza kubeba sufuria, mkeka, hata kuku. Lakini anayebeba mlango ni yule asiyeamini kwamba huko aendako atapata mwingine. Siku ya nne aliketi kwenye kinanda cha kanisa na ile sauti ikaja yenyewe. Ilianza chini, ikapanda hatua tatu, ikatua kidogo kama mtu anayeuweka sawa mzigo wake, kisha ikateremka taratibu. Aliipima kwa saa ya ukutani. Dakika moja na sekunde arobaini, bila kupungua wala kuzidi.

Ismaili aliisikiliza amesimama mlangoni. Ilipokwisha alijifuta uso kwa leso.

"Ni nzuri, Mwalimu. Ni nzuri mno. Lakini inalia."

"Huyo mama alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anatembea. Sikiliza, wakubwa hawatanipokea na mama anayelia. Watu wanahama kwenda kwenye shule na zahanati. Uharakishe. Weka makofi, weka ngoma, weka maneno ya kuinua moyo."

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo Leonardi alikuja kulikumbuka sana baadaye. Aliinama kwenye daftari, akaikaza ile sauti ikaenda mbio, akaandika maneno: *Twende, twende, kwetu ni mbele*. Na ilipokwenda mbio ilikuwa tamu, hilo nalo ni kweli. Jumamosi walitundika mablanketi kwenye madirisha ya kanisa ili kelele za nje zisiingie. Kwaya ikaimba, Agnesi akiongoza kwa ile sauti yake iliyopenya kama sindano, na mashine ikanasa. Walipomaliza, wanakwaya walicheka kwa furaha. Watu wa sinema wakapakia masanduku yao, wakapanda treni.

Filamu ilirudi mwezi wa kumi na moja. Waliionyesha mchana katika ukumbi mmoja pale mjini, madirisha yamezibwa kwa mikeka na shuka kubwa imetandazwa ukutani. Leonardi alikaa mbele pamoja na wanakwaya wake. Jina lake lilipotokea kwenye shuka, ukumbi mzima ulishangilia, na mtu mmoja akampiga bega kwa nyuma.

Kisha wimbo ukaanza, na mama akatokea katikati ya michikichi.

Alikuwa Rozalia, dada yake.

Leonardi aliijua ile michikichi pia. Ilikuwa kaskazini ya mji, bondeni karibu na ziwa, alikoolewa dada yake kwa Gervasi. Alikuwa amepata habari kwamba wamehamishwa pamoja na majirani zao wote, akatuma salamu, akaambiwa hawajambo, akajisemea atakwenda mtihani wa darasa la saba ukishapita. Mtihani ulipita na hakwenda. Sasa Rozalia alikuwa anamjia, mlango kichwani, midomo ameibana. Mara moja tu aliyageuza macho upande wa kushoto. Wengine wasingejua anatazama nini. Leonardi alijua: upande ule, chini ya michikichi mitatu, yalikuwepo makaburi ya watoto wawili wa dada yake. Na juu ya uso ule makofi yalikuwa yanapiga, ngoma inaruka, Agnesi anaimba *twende, twende*. Ukumbi ukapokea, ukapiga makofi pamoja nao.

"Mwone mama wa watu alivyo na furaha," alisema mwanamke mmoja nyuma yake.

Jumamosi iliyofuata alipanda lori mpaka Mwandiga, kutoka hapo akaenda kwa miguu. Kijiji kipya kilikuwa kimepangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, nyingi hazijamalizika. Ya Rozalia ilikuwa na kuta tatu za udongo. Ya nne ilikuwa fito tupu, na mlango wa mbao umeegemezwa hapo kuziba upepo. Gervasi alikuwa amekwenda kuteka maji, na maji yalikuwa mbali. Rozalia alikuwa ameketi juani amejifunika kitenge, amekonda, kikohozi kinamkatiza kila neno la tatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Leo. Umekuja kumwona mcheza sinema?"

Leonardi alijaribu kucheka, akashindwa.

"Gari lao lilikuja mpaka hapa," Rozalia alisema. "Lilianza na wimbo kwenye vipaza sauti tangu jua likiwa juu, watu wakusanyike. Nikamwambia Gervasi, huo ni wa mdogo wangu. Niliijua sauti yako. Tangu ukiwa mtoto nyimbo zako zinapanda hivyo, kama mtu anapanda mlima na kupumzika. Ila huyu hakupumzika. Mbona mlimkimbiza hivyo?"

"Sikujua ni wewe, dada. Naapa kwa Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Mwanzoni haukuwa hivyo. Ulikuwa wa polepole."

"Hebu niimbie."

Akamwimbia pale juani, bila maneno, kama ulivyomjia siku ya kwanza kwenye kinanda. Rozalia alifumba macho. Mguu wake mmoja ulikuwa unasogea kidogo mavumbini. Wimbo ulipokwisha aliyafumbua.

"Huo ndio," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyotembea. Mbona hukuwapa huo?"

"Niliwapa. Wakataka ule mwingine."

"Na wewe ukawapa."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira lingekuwa jepesi kubeba.

Leonardi alitaka kumpeleka mjini akatibiwe. Rozalia alikubali, akapelekwa, akalala hospitali majuma mawili, akarudishwa akiwa na nafuu. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa nyingi, kifua kilimrudia na hakuamka tena. Walimzika kule kijijini kando ya barabara. Gervasi aliomba ruhusa wampeleke bondeni akalale na watoto wake, lakini njia ilikuwa imekatika kwa mvua, na mahali penyewe palikuwa pameshakuwa pori.

Baada ya msiba Leonardi hakugusa penseli miezi miwili. Kisha ikatangazwa kwamba mwezi wa nane kwaya zote za mkoa zitakutana Kigoma, na kila kwaya ilete utunzi mpya, mkubwa, usiopungua robo saa. Akafungua daftari la kumi na tano. Alitunga kazi ya sehemu nne akaiita *Safari*. Sehemu ya tatu ilipofika, hakutafuta sauti nyingine. Aliuchukua ule wimbo wa filamu, akauvua ngoma, akauvua makofi, akauvua maneno, akaurudisha kwenye mwendo wake. Sauti moja ya mwanamke na zeze, halafu kwaya nzima ikiguna chini yake midomo imefungwa. Mara hii hakuwa anaokoa kitambaa kisipotee. Alikuwa anamrudishia mtu chake.

Agnesi ndiye aliyepewa sauti ile moja. Siku ya mazoezi alibaki wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Ninapoimba hivi nasikia baridi mgongoni, ni mzuri kuliko ule. Lakini watu wanaujua. Watoto wa Kasingirima wanaurukia kamba. Ujiji wanauimba harusini. Watausikia huu?"

"Mimi ndiye niliyeutunga, Agnesi. Nachukua kilicho changu."

"Chako, ndiyo," Agnesi alisema, "lakini ulishatoka nyumbani."

Leonardi aliifikisha kazi ile mwisho. Akatuma ujumbe kwa shemeji yake: njoo usikilize, ni kwa ajili ya Rozalia. Gervasi alikuja siku ile mapema, amevaa koti lake la harusi, akaketi mstari wa tano karibu na dirisha.

Ukumbi ulikuwa ule ule, safari hii madirisha yako wazi na upepo wa ziwa unaingia. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili watu walitulia kabisa. Ya tatu zeze lilianza peke yake, kisha Agnesi akaingia, chini, akapanda hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatua. Leonardi aliufunga mkono wake hewani, akalishika lile pumziko. Kwa muda wa pumzi moja Rozalia alikuwa pale, anauweka sawa mlango wake.

Ndipo mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya furaha, "Aa! Ule wa sinema!"

Kicheko kikapita. Mtu akapiga makofi, yale ya kwenye filamu, mawili na moja, mawili na moja. Jirani yake akadakia. Leonardi alitikisa kichwa bila kugeuka, akashusha mikono kidogo kuwaambia wanakwaya washikilie. Agnesi alishikilia. Alikaza macho kwa mwalimu wake na mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini makofi yaliongezeka, mstari kwa mstari, kwa nia njema kabisa. Watu walidhani wanawasaidia. Sauti nene ndizo zilizoteleza kwanza, zikafuata mwendo wa makofi. Mpiga zeze akapotea. Na katikati ya ukumbi wanawake wakaanza kuyaweka maneno ambayo Leonardi alikuwa ameyavua: *Twende, twende, kwetu ni mbele*. Wakasimama wakaimba. Kwaya ikaburutwa ikaingia humo yote, na Agnesi akabaki amesimama midomo wazi, hana la kuimba.

Leonardi aliteremsha mikono. Alipogeuka aliona ukumbi mzima umesimama unacheza, isipokuwa mtu mmoja karibu na dirisha. Gervasi alikuwa ameketi, mikono kwenye magoti. Kisha naye akainuka, akajipenyeza katikati ya watu waliokuwa wanaruka, akatoka nje.

Sehemu ya nne haikuimbwa. Walipigiwa makofi kuliko kwaya zote, na mgeni rasmi akamshika Leonardi mkono akasema wimbo ule ni hazina ya taifa.

Alimkuta Gervasi kwenye mteremko wa kwenda bandarini, amesimama anaangalia ziwa.

"Nisamehe, shemeji."

"Kwa lipi? Ulitaka kumlilia." Gervasi hakugeuza uso. "Nilisikia mwanzo wake. Ulikuwa yeye hasa. Lakini sasa nakuomba jambo moja, na nakuomba kama ndugu. Usiuimbishe tena. Kila ukiutoa watamchezesha. Mwache apumzike."

"Naahidi."

Alitimiza ahadi. Daftari la kumi na tano alilifunga, na mwaka uliofuata akamwachia Agnesi kwaya, akasema macho yake yamechoka na nota. Shuleni aliendelea kufundisha hesabu. Lakini wimbo haukumngoja yeye. Harusini Ujiji walipoupiga walimtafuta kwenye umati, wakamvuta mbele, "Mwenyewe huyu hapa!" naye alisimama akapiga makofi, mawili na moja, huku akitabasamu, kwa sababu harusi haina kosa.

Kila likizo alikwenda kijijini kumsaidia Gervasi shamba. Nyumba ilikuwa imepata ukuta wa nne. Mwaka wa tatu baada ya msiba Gervasi alioa tena, mwanamke mpole aliyeitwa Stephania, mjane kutoka upande wa Burundi, ambaye hakuwahi kumjua Rozalia. Mchana mmoja wanaume wawili walikuwa wameketi nje wanapukuchua mahindi, na Stephania alikuwa ndani anatwanga mihogo. Kutwanga kukampa mwendo, mwendo ukamletea ule wimbo. Akaanza kuimba, mbio, kwa furaha ya mtu anayedhani hasikiwi.

Leonardi aliacha kupukuchua. Alimtazama shemeji yake. Gervasi alikuwa ameinamisha kichwa, gunzi limesimama mkononi, na Leonardi alidhani atainuka aende kumnyamazisha.

"Yeye hajui," Gervasi alisema taratibu.

"Hajui."

Wakamwacha aumalize.