Tairi la Gari la Marehemu

Agbeko alipokuwa hai, pikapu yake ya kubebea chumvi haikuwahi kumsumbua mkewe Akorfa. Alipozikwa tu, tairi moja la nyuma likaanza kukutwa limepungua upepo, asubuhi moja moja, na Akorfa hakuhitaji mganga wa kumwambia nani anamchezea. Ni Dotse, mdogo wa marehemu, aliyekaa naye ua mmoja. Analitaka gari la kaka yake, basi.

Alfajiri moja akamkuta amechuchumaa kwenye gurudumu lile, na mlio wa upepo unasikika. Akamtukana mpaka nusu ya mji wa Keta ikaamka, maana mdomo wa Akorfa haukuwa na breki. Dotse akainuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo kila kukicha tairi likawa chini kabisa. Kisasi hicho, Akorfa akajiambia, akaapa kwamba Jumamosi atamshtaki kwa wazee wa ukoo wamfukuze pale uani.

Ijumaa akaliviringisha gurudumu mpaka kwa fundi wa pancha, apate ushahidi. Fundi akalizamisha kwenye pipa la maji. Msumari hapakuwa na wowote, valvu nayo nzima. Mapovu yalitoka pembeni, pale tairi linapokaa kwenye ringi, mzunguko mzima.

"Mama, unabeba nini?"

"Chumvi. Hapa tunabeba nini kingine?"

"Basi ndiyo imeila ringi. Kutu hii ya miaka." Fundi akaikwangua kwa ukucha. "Hili halimalizi usiku na upepo wake. Nani alikuwa anakujazia?"

Akorfa akakumbuka ule mlio wa upepo alfajiri: kumbe ulikuwa wa kuingia, si wa kutoka. Aibu ilimshika njia nzima ya kurudi. Alikuwa amemtukana mtu hadharani, na kumwomba radhi chumbani aliona ni uoga. Akasimama katikati ya ua, wanawake wakisonga akple, ugali wa kwao.

"Shemeji Dotse, hebu toka. Nilikuonea. Na ninyi sikieni, maana siku ile mlisikia."

Dotse akatoka, ana haya kuliko yeye, mkononi pampu kuukuu ya mguu.

"Ya kaka hii, shemeji. Kila alfajiri alikuwa analijaza kabla hujaamka. Alisema usiambiwe, utakosa usingizi bure. Mimi niliendeleza tu, ila siku nyingine nilipitiwa na usingizi, na uliponitukana nikaacha."

Akorfa akakaa juu ya gunia la chumvi akalia, kilio ambacho hata matangani hakukilia. Dotse akabaki amesimama na ile pampu mpaka alipomaliza.