Tofali la Mgeni

Mwaka ule wa tisini na tano Nyakisasa, huku Ngara, haikuwa na kuni. Wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji, na wote wanapika, kwa hiyo miti iliisha mpaka visiki. Ndiyo maana wodi ya wazazi iliamuliwa ijengwe kwa matofali mabichi, udongo na nyasi, yakaushwe na jua. Eustakia ndiye aliyewaongoza akina mama wafyatuaji. Sifa zake zilijulikana mpaka Rusumo, na yeye mwenyewe hakuona haya kuwakumbusha watu.

Shirika lililokuwa likijenga likamleta Mhandisi Malongo, kijana wa Kisukuma aliyerudi kutoka Ulaya na udaktari wa hesabu za vitu vilivyochanganyika, mathalani udongo wenye kokoto. Alishuka garini na kompyuta yake imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama. Naomba tofali moja la kupima."

"Marahaba. Utalipata."

Sasa jamani, mgeni aliyesoma hivyo umpe tofali gani? Hata ndizi humpi iliyopondeka. Eustakia akachagua lile la udongo wa kichuguu, nyasi zake zimekatwa fupi, alilolilowesha na kulisugua kwa kiganja mpaka likang'aa. Akalifuta vumbi kwa kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Malongo akalikata kwa msumeno, akapiga picha ya ndani yake. Picha akaigawa miraba midogo midogo, kila mraba ukaandikwa kama ni udongo, nyasi, kokoto au tundu. Akaeleza, maana kueleza alikupenda kuliko chakula: njia ya zamani ingemchukua wiki nzima, lakini hii yake ya mwanahisabati Fourier inazigeuza nguvu zote za ndani ya tofali kuwa mawimbi, kompyuta inayajumlisha, nusu saa kazi imekwisha. Sharti ni moja tu. Kipande hicho kihesabiwe kuwa kinajirudia kile kile, kushoto na kulia, juu na chini, bila mwisho.

"Yaani yote yawe kama hili?" Eustakia akauliza.

"Ndivyo hesabu inavyotaka, mama."

Kweli, nusu saa haikuzidi. Kompyuta ikasema tofali lina nguvu za ajabu, na ukuta uliochorwa kwa upana wa matofali mawili ukapunguzwa ukawa wa moja. Wakubwa wakampongeza.  Lakini Kezia, binti yake Eustakia, alikuwa na mimba ya miezi mitano, uzazi wa kwanza nusura umuue, na mkunga alishasema safari hii atajifungulia wodini, masika yakiwa yameshika. Ukuta mwembamba wa udongo, chini ya mvua ya Ngara, na Kezia amelala ubavuni mwa ukuta huo! Eustakia akamfuata mhandisi mbio.

"Mwanangu, lile nililokupa ni tofali la mgeni. Ya ukutani hayako vile."

Malongo akatabasamu kwa adabu. "Haina shida, mama. Kesho kila mfyatuaji alete tofali moja, la kawaida tu."

La kawaida! Kesho yake yakaja matofali kumi, yote yamesuguliwa kama sahani za harusi. Ntirampeba, mkimbizi kutoka Burundi, lake alilifunga kwa jani la mgomba. Kila mmoja alijua jirani ataleta lipi, na nani angekubali aonekane mvivu mbele ya daktari? Kompyuta ikayapima yote ikatoa jibu lile lile. Malongo furaha ikamzidi.

"Mnaona, akina mama? Linajirudia."

 Eustakia akaenda kwenye safu zake za matofali, akatafuta tofali alilofyatua siku ile aliyotoka msibani, amechoka, udongo haukukanyagwa ukaiva. Alilijua lilipo. Akalileta mbele ya wenzake wote, uso umemwiva kwa aibu.

"Hili nalo ni langu. Katika kila mia, thelathini yako hivi. Na mimi ndiye bora hapa, kwa hiyo ya hawa wengine usiniulize."

Wenzake wakamkodolea macho. Malongo akalipokea, likamkatikia mikononi, nusu nzima ikamwangukia kwenye kiatu. Hata mbuzi angeelewa. Lakini yeye akaiokota nusu ile akaenda kuipiga picha.

Baada ya wiki moja msimamizi Paschal akawasomea barua ya shirika. Kutokana na utafiti wa kina wa Dakta Malongo, ukuta unarudi kuwa wa matofali mawili. Pia, kwa ajili ya kulinda ubora, mfyatuaji aliyekiri kutoa tofali bovu anaondolewa kazini. Nafasi yake itashikwa na mwenzake Francisca, ambaye hajawahi kuonekana na tofali bovu.

Tusidanganyane, Eustakia aliumia. Machozi yalimlenga pale pale, mbele ya Francisca aliyekuwa tayari ameishika kalibu ya Eustakia ya kufyatulia.  Akaenda msingini, akapima kwa mkono upana wa mstari wa kwanza wa ukuta. Mawili. Akapima tena. Kisha akaenda nyumbani kumwambia Kezia kwamba wodi inafaa.