Sauti ya Mwanaume Jikoni

Mkamwana wangu alikuwa na mwanaume ndani ya simu, na mimi si mtu wa kufumbia macho mambo. Kila alasiri alijifungia jikoni akidai anachambua mchele. Mchele gani huo unaochambuliwa kwa Kiingereza?

Nikatega sikio mlangoni. Mwanaume alitamka neno moja kwa sauti nzito ya kujidai, akanyamaza, na mkamwana akammalizia. "Make," akasema yule bwana. "A promise," huyu akajibu. Wakaendelea hivyo hivyo, wakipokezana kama watu wanaokunja shuka.

Mwanangu ni fundi wa magari katika mji wa mbali, huja kila mwisho wa mwezi. Huyu mkewe ndiye ninayeishi naye, ndiye anayenikanda miguu na kucheka utani wangu. Akitoroka na huyo bwana, nitabaki nikiongea na kuta. Hilo liliniuma kuliko hata aibu ya mwanangu.

Machache niliyoyashika nikampelekea jirani yetu fundi viatu, mjuaji wa kila kitu.

"'Make a promise' ni kutoa ahadi, 'keep a secret' ni kutunza siri, mama," akasema huku akivuta uzi. "'Leave home' ni kuondoka nyumbani. Umeyatoa wapi?"

"Redioni," nikamjibu.

Nilirudi moto moto, nikasukuma mlango wa jikoni bila hodi. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, inaongea.

"Binti yangu, mimi si mtoto. Huyo bwana ni nani?"

Alishtuka hadi ungo ukamponyoka. "Ni masomo tu, mama. Nina usaili wa kazi ya mapokezi hotelini. Maneno ya Kiingereza yana wenzake, ukiyachanganya watu wanakucheka. Yeye anasema la kwanza, mimi nalitafutia mwenzake."

"Yeye nani?"

Akanitazama kama anayedhani namtania. "Si mwanao huyo, mama? Alijirekodi."

Nikasikiliza tena. Lo, kumbe kweli ni yeye. Nimemzaa mwenyewe, na akivaa Kiingereza simjui. Nikacheka kwa aibu, moyo ukatulia.

"Sasa mlinificha nini? Ningewaombea dua. Hoteli yenyewe iko wapi?"

Akainama kuokota mchele.

"Kule aliko yeye," akasema polepole. "Alisema tusikwambie kwanza. Ameshapata chumba."

"Chumba cha watu wangapi?"

"Wawili, mama."