Mashine Haikosei

Mimi nina mdomo, na nitaanza na huo, maana ndio ulioniponza. Mwaka 2013 niliandika lugha ya kompyuta. Usicheke. Lugha ndogo, ya maneno yetu: washa, zima, pima, rudia. Nikaandika na mkalimani wake, yaani programu inayosoma maneno hayo mstari kwa mstari na kuyatenda. Nilimwandika kwenye kompyuta ya mezani, chumbani kwangu Ruharo, Mbarara, nilikokuwa nasoma. Kisha nikambana, nikambana, mpaka akaenea ndani ya chipu ndogo kama ukucha, ile inayoendesha vifaa. Nikawa natamba kila fasi: "Unachoandika kwenye kompyuta, chipu inakitenda vilevile!"

Watu wangu walikuwa Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwaya ya akina mama wa kanisa letu huko ilitaka vifaranga. Nikawatengenezea sanduku la kutotolea mayai: balbu mbili kali za kutia joto, kipimajoto, na chipu yenye mkalimani wangu. Pembeni palikuwa na swichi ya kuwasha balbu kwa mkono, nikawaambia wasiiguse. Akina mama walikusanya mayai sitini, kila mmoja akileta ya kuku wake. Kulinda sanduku walimpa Mama Marthe, sauti ya kwanza ya kwaya, mjane aliyenibeba mgongoni mwaka 1996 tulipokimbia Kivu ya Kusini. Nilikuwa na miaka mitatu.

Tuliliwasha Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nami nikarudi Mbarara. Jioni mayai yote yalikuwa yameiva. Yameiva kweli, ya kula na chumvi.

Wazee wa kanisa wakaniita. Pasta Kabanda akauliza kwa upole kama pengine kifaa ndicho kimekosea. Nilipanda hasira papo hapo. Nani huyo wa kumdharau mkalimani wangu? Nikasema, "Mashine haikosei, Pasta. Mtu amegusa swichi."

Wote wakamgeukia Mama Marthe.

"Sikugusa," akasema. "Kweli ya Mungu, sikugusa kitu."

Wakamwuliza mara tatu, akakataa mara tatu. Basi wakamweka chini ya nidhamu. Si kwa ajili ya mayai, hayo waliyasamehe, bali kwa kusema uongo mbele ya wazee. Ukiwa chini ya nidhamu huimbi, hushiriki meza ya Bwana, mpaka usimame mbele ya watu utubu. Na mzazi wa namna hiyo haruhusiwi kumpeleka bibi arusi madhabahuni. Binti yake Eliane alikuwa aolewe baada ya wiki tatu, na hakuwa na mzazi mwingine.

Nilirudi Ruharo nikijiona nimeshinda. Lakini kitu kimoja kilinikera: kwenye kompyuta nilikuwa nimejaribu siku mbili nzima, kwenye chipu saa moja tu. Nikawasha chipu nyingine asubuhi, saa ileile, nikaiacha ihesabu sekunde huku nikiitazama. Saa tisa na dakika sita alasiri nikaona: 32,767. Kisha, badala ya namba inayofuata, hasi 32,768.

Mungu wangu. Ili mkalimani aenee, nilikuwa nimempunguzia nafasi ya namba, akawa hawezi kuhesabu kupita hapo. Kwenye kompyuta nilimwachia nafasi tele. Sanduku lilikuwa linapima joto pale tu namba ya sekunde inapokuwa kubwa kuliko ile ya kipimo cha mwisho, na baada ya 32,767 haikuja iliyo kubwa tena. Balbu zilikuwa zinawaka, zikaendelea kuwaka.

Kosa langu, la mstari mmoja. Nililirekebisha kwa dakika kumi. La Mama Marthe sikulirekebisha. Nilishika simu, nikaiweka. Nikajiambia nitakwenda kusema Jumapili, na Jumapili ilipofika nikajiambia nina mtihani. Sikuwa na mtihani wowote. Jumapili ya pili kichwa kikaniuma. Mtu mzima, ameaminiwa na kanisa zima, anajifunika shuka asubuhi kweupe! Nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Jumapili ya tatu, siku sita kabla ya arusi, nikaenda. Nilikuwa nimeapa: matangazo yakiisha, nasimama.

Matangazo yakaisha. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mama Marthe akasimama kabla yangu.

"Wapendwa," akasema, na sauti ile inayojaza kanisa ikawa ndogo, "ni mimi niligusa swichi. Niliogopa, nikadanganya. Munisamehe."

Vigelegele! Kanisa zima likapiga makofi. Pasta akaniita mbele huku anafuta macho. "Ndugu Gervais, wewe ndiye uliyekosewa. Mpe mama yako mkono."

Nikaenda. Jamani, nikaenda! Nikampa mkono, nikasema, "Nimekusamehe, mama."

"Aksanti," akajibu.

Ibada ilipokwisha nilimkuta nyuma ya kanisa, ananawa uso. Nikamwaga yote: chipu, namba, wiki zile nilizojificha. Nilikuwa nalia kamasi. "Haukugusa kitu, mama. Ni mimi. Twende kwa Pasta sasa hivi nimwambie."

Akanidaka mkono wa shati kwa nguvu.

"Utamwambia nini? Wiki tatu baliniita mwongo, na sikukuwa mwongo. Nilikuwa nalala vizuri. Ni leo nimedanganya, mbele ya Mungu na batu yote, juu nipate kumupeleka mtoto wangu madhabahuni. Ukisema kweli sasa, batanirudisha kwenye nidhamu, na hii mara batakuwa na haki."

Wenzake wa kwaya walikuwa wanamwita kwa furaha, aje wachague nyimbo za Jumamosi. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniachia shati.

"Nyamaza tu, mwanangu," akasema. "Hiyo unaiweza."