Hedifoni na Kata ya Mtungini

Kata iligonga mtungi mara moja, ko, kama ilivyozoea alfajiri. Nilifungua macho gizani nikangoja. Jogoo wa jirani yangu Mboje alikuwa bado hajawika. Kisha ikagonga tena, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo mahali pake bila kutaka kuwaamsha wenye nyumba.

"Nakusikia," nikasema. "Karibu maji."

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa peke yangu. Mjukuu wangu Flora alikuwa amefika jana yake kutoka Mwanza, amelala kwenye godoro kando ya kitanda changu. Sasa alikuwa ameketi, ananitazama.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Na huyo anayekunywa maji. Hujasikia kata?"

"Sijasikia kitu."

Hakunicheka. Alinyoosha mkono, akanivutia blanketi likafunika miguu yangu, akalala tena. Lakini hakupata usingizi. Nilimsikia anavyopumua.

Mtungi wangu uko kwenye kona ya sebule, juu ya ngata ya nguo, na juu ya kifuniko chake hukaa kata ya kibuyu ya kuchotea. Ilianza kugonga mwaka jana, wakati wa kuvuna pamba. Mwanzo nilidhani panya. Nikaweka mtego, panya hakuonekana, na asubuhi maji yakawa yamepungua kiasi cha kiganja kimoja. Basi nikasema ni marehemu mume wangu, Masunga. Masunga alipenda maji ya mtungini kuliko chai. Yeye amelala nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, na si mbali kwa mtu mwenye kiu.

Nilifanya kosa la kumwambia mwanangu Constantine kwenye simu. Constantine ni baba yake Flora, mtu wa ofisi huko Mwanza. Akasema kwa upole, "Mama, hayo ni masikio ya uzee. Nyumba ikiwa kimya sana, masikio hujitengenezea kelele." Tangu siku ile akaanza kusema nihamie kwake na nyumba yangu ya hapa Ngulyati ifungwe.

Flora ndiye aliyenitetea. Alimwambia baba yake kuna hedifoni nzuri, zisizo na waya, nikizivaa alfajiri nisikilize kwaya na redio, masikio yatapata kazi ya kufanya. Constantine akakubali. "Zikimsaidia, abaki. Zisipomsaidia, urudi naye."

Kwa hiyo Flora alikuja na kazi mbili, kununua hedifoni au kunifungia mizigo. Aliniambia zote mbili jioni ile ile aliyofika, kabla hata hajamaliza kula michembe, viazi vyetu vya kukaushwa. Nilimshukuru kwa hilo. Watu wengine wangenipakia garini kwa hila.

Asubuhi tulikwenda Bariadi mjini, kwenye duka la kijana mmoja wa Tanga anayeitwa Hemed. Kabla hatujasema tunataka nini, alitoa kiti chake mwenyewe akakifuta kwa kiganja.

"Shikamoo, Bibi. Kaa kwanza, bidhaa hazikimbii."

"Marahaba, baba."

Flora akamweleza. Hemed akaweka mezani hedifoni za aina nyingi, akazitenga kwa mikono kama mtu anayechambua mchele.

"Hizi ni rahisi," akasema. "Lakini sitaki kukuuzia. Zinabana kama koleo, na sauti inavuja. Bibi akisikiliza kwaya, mbuzi nao wanasikiliza."

"Mbuzi wangu ni Wakatoliki," nikamwambia. "Hawana neno."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafungua sanduku jeusi, akatoa nyingine, nyembamba, laini kama sikio la ndama. Akataja bei. Ilikuwa bei ya mtamba mzuri mnadani.

"Hizi zinakaa juu ya sikio tu," Flora akasema. "Kwa bei hiyo, si bora zile zinazofunika sikio lote?"

"Zile ni nzito, dada. Bibi anafunga kilemba, na joto la huku masikio yatachemka kama mahindi. Hizi nyepesi, zinakunjika, chaji inakaa. Ubaya wake sikufichi. Ukizivaa muda mrefu, ncha ya sikio itauma."

"Na kelele za nje?"

"Kuna kitufe hapa. Ukikibonyeza, kelele za mfululizo zinazimika. Feni, upepo, mashine ya kusaga." Akafikiri kidogo. "Lakini kitu kinachogonga mara moja na kunyamaza, hicho kinaweza kupita. Sikuahidi."

Flora akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Hemed alipunguza sauti kwanza ndipo akanivisha, na alisogeza kilemba changu kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa yai. Kisha akasema tukae nazo nyumbani mpaka siku Flora atakaporudi Mwanza. Zikifaa tulipe, zisipofaa tumrudishie.

"Hunifahamu, mwanangu."

"Bibi yangu yuko Pangani, hasikii vizuri siku hizi. Nami siko karibu naye."

Alitukabidhi sanduku, akatusindikiza mpaka barabarani.

Niseme kweli kuhusu hedifoni zile. Zilikuwa nzuri. Nilisikia kwaya kana kwamba nimeketi katikati ya waimbaji, nikawasikia wanavyovuta pumzi kabla ya kiitikio. Constantine alipopiga simu, sauti yake ilikuwa karibu hivi kwamba nilisikia amechoka, jambo ambalo hajawahi kuniambia. Hemed naye alisema kweli, kwa kuwa ilipofika jioni ncha za masikio yangu ziliuma.

Kesho yake kabla hakujapambazuka, Flora alinivisha mwenyewe, akafungulia kwaya kwenye simu, akabonyeza kile kitufe. Dunia ikaondoka. Sikusikia tena upepo kwenye bati, wala mbuzi, wala kikohozi cha Mboje, ambaye kila alfajiri hukohoa kwa makusudi akipita kwangu ili nijue kuna mtu jirani. Ikabaki kwaya peke yake.

Na katikati ya kwaya, ko.

Haikutoka kwenye kona ya sebule. Ilikuwa karibu zaidi, kama vile kata imegonga ndani ya kichwa changu. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla, kwa sababu upepo na mbuzi walikuwa wakikifunika. Nilisikia kumeza. Kumeza kudogo, kwa haraka.

Masunga hakunywa hivyo. Masunga alikunywa kwa mafunda marefu na mwisho akasema ahaa.

Nilivua hedifoni. Flora alikuwa amepiga magoti mbele yangu, macho yamejaa matumaini.

"Umesikia kwaya tu, Bibi? Sema umesikia kwaya tu."

Ningeweza kusema ndiyo. Ningebaki nyumbani kwangu, karibu na kaburi la mume wangu, na mtoto huyu angetoa akiba yake kununua kitu kisichofanya kazi aliyokinunulia. Nikamshika mashavu.

"Nimesikia kwaya. Na kata nimeisikia pia, zaidi ya jana."

Aliinamisha kichwa kwenye magoti yangu. "Basi baba atasema nikufungie mizigo."

"Najua. Lakini kesho zivae wewe. Usifungulie kwaya. Bonyeza kitufe tu, ukae kimya. Usiposikia kitu, nitafunga mizigo mimi mwenyewe."

Alikubali. Mchana kutwa alinisaidia kazi bila kunitazama usoni. Alinikata kucha za miguu, akanisugua visigino. Jioni nilimwona ametoa sanduku langu la nguo chini ya kitanda, akalipangusa vumbi.

Alfajiri iliyofuata tuliketi sebuleni kwenye mkeka, mtungi mbele yetu, koroboi imewashwa. Flora akavaa hedifoni, akabonyeza. Nilimwona uso wake ukilegea, kama wa mtu aliyetumbukia kwenye maji. Tukangoja.

Nami sikuvaa kitu, nikasikia vilevile. Ko.

Kata haikusogea. Niliitazama kwa macho yangu, imetulia juu ya kifuniko. Lakini Flora aliruka kama aliyechomwa mwiba, akashika hedifoni kwa mikono miwili. Hakuzivua. Alizikandamiza zaidi masikioni.

"Bibi," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wanaoziba masikio. "Kuna mtu anakunywa."

"Ndiyo."

"Anakunywa halafu anangoja."

"Ndiyo, mama. Anangoja aitwe."

Nikamweleza kwa kumwonyesha midomo. Kwetu Usukumani, mtoto mchanga akilia asinyamaze, wazee humshika wakamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Ndivyo nilivyofanya na kata hii tangu ilipoanza. Nilimtaja Masunga. Nikamtaja baba yake. Nikamtaja Nyamizi, mama mkwe wangu aliyenifundisha kufinyanga. Nilikuwa nimewataja wazee wote wa ukoo huu ninaowajua, na kata haikunyamaza.

Flora alikuwa ananitazama midomo. Mkono wake ulikuwa umekwenda tumboni bila yeye kujua, ukakaa pale.

"Ilianza lini?" akauliza.

"Wakati wa kuvuna pamba."

Machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno. Ndipo nilipojua jambo ambalo wanangu walinificha. Flora alikuwa amebeba mimba mwaka ule. Sikuambiwa, kwa sababu kwetu mimba haitangazwi kwenye simu, na baadaye sikuambiwa kwa sababu hapakuwa na cha kutangaza. Mtoto alizaliwa huko Mwanza wakati wa pamba. Alikuwa wa kike. Hakulia.

"Walimzika kabla sijaweza kusimama," akasema. "Niliuliza jina lake nani. Baba akasema asiyelia hapewi jina, nisijitese. Wakasema wewe usiambiwe, umezeeka. Nikanyamaza."

Ko, kata ikagonga. Tulisikia wote wawili, yeye ndani ya ukimya wake na mimi ndani ya upepo.

Mwaka mzima nilikuwa naita wakubwa. Nilipiga magoti kwenye mkeka ule nikaita wenye mvi, wenye mifugo, wenye majina ya kuogopwa, kumbe aliyekuja alikuwa mdogo kuliko wote. Hakuwahi kulia akiwa hai, sasa ndiyo alikuwa analia kwa njia aliyoiweza.

"Mimi siwezi kumtaja," nikamwambia Flora. "Simjui. Moyoni ulimwita nani?"

Koroboi ilicheza, ikatulia.

"Goodness," akasema.

Si jina la wazee wetu, hakuna kaburi lenye jina hilo Ngulyati nzima. Lakini upepo wenyewe ulisimama. Mbuzi wakanyamaza. Flora akainua kidole, anasikiliza, nami nikaona uso wake unavyobadilika kidogo kidogo, kama anga la mashariki.

"Anacheka, Bibi."

Mimi sikusikia kicheko. Nilisikia kata ikigonga mara ya mwisho, nyepesi. Tulipofunua mtungi, maji yalikuwa yanazunguka polepole, kama baada ya kuchota.

Flora alimpigia baba yake simu palepale, akafungua spika.

"Bibi haendi popote," akasema.

"Hedifoni zimemsaidia?"

"Hapana, baba. Kwa kazi ile hazifai. Nitakueleza nikifika. Nitakueleza na jina la mwanangu."

Kisha nilimsikia Constantine, mtu mzima, akimwambia binti yake, "Haya, mama," kwa sauti aliyokuwa nayo utotoni akiungua homa.

Siku ya safari Flora alikuwa ameshika lile sanduku jeusi kifuani. Njia nzima alikuwa anawaza.

"Nitazinunua mimi," akasema tulipokaribia duka. "Nizivae Mwanza alfajiri."

"Mwanza utasikia ukimya tu. Mtungi uko hapa. Nauli ya gari ni ndogo kuliko bei ya hizo."

Aliifikiri bei ile, akafikiri na nauli. Tulipoingia, aliweka sanduku mezani.

"Ni nzuri sana, kaka Hemed. Hukutudanganya hata kidogo. Lakini hatuzichukui."

Hemed hakukunja uso. Alisema hakuna neno, akanipa kiti changu cha siku ile. Nilimpa chupa ya maziwa mgando niliyomletea, akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akazitoa hedifoni, akazipangusa, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Taa haikuwaka.

"Zimeisha chaji kabisa," akasema. Akazivaa hivyo hivyo, kuona kama bado zinabana vizuri.

Akasimama. Mkono wake ukabaki hewani. Aligeuka polepole akatazama mlangoni nyuma yetu, akashusha macho mpaka usawa wa magoti, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Bibi," akasema, "mmekuja na mtoto?"

Flora akanishika mkono. Mtu wa kwetu humsindikiza mgeni wake mpaka barabarani, na kumbe tulikuwa tumesindikizwa tangu nyumbani.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

Hemed aliinama kidogo, akasikiliza. Alizungumza taratibu, kama anayerudia maneno ya mtu asije akakosea.

"Anasema, 'Mama, uje tena.'"